MDA na VNAV: usiisubiri ifike

Mkuu, umeuliza kama ukishuka kutua kwa VNAV (mfumo unaoiongoza ndege kwenye mteremko uliopangwa) kwa kufuata VOR (mtambo wa redio wa ardhini unaoonyesha mwelekeo) unaweza kungoja mpaka MDA (mwinuko wa chini kabisa unaoruhusiwa kabla ya kuuona uwanja) ndipo upae tena. Hapana, labda kampuni iwe na kibali. Ndege huzama kidogo kabla ya kupanda, na MDA haivukwi. Wengi tunaongeza futi 50 juu ya MDA.

Ila kinachonitisha mimi ni QNH, yaani shinikizo la hewa tunaloweka kwenye altimita (kipima mwinuko). VNAV inaiamini altimita tu. Paris, Mei 2022, ndege moja ya A320 ilipewa QNH ya 1011 badala ya 1001: ikashuka futi 280 hivi chini ya njia yake, VNAV ikionyesha mambo safi, hadi futi 6 juu ya ardhi! Kulinganisha mwinuko na DME (umbali hadi mtambo wa ardhini) hakukuokoi hapo, maana altimita yenyewe inadanganya. Hakiki QNH na ATIS (taarifa za uwanja zinazorushwa kwa redio), sikiliza redio altimita (inayopima kimo halisi juu ya ardhi).