Shoga yangu anachelewa kazini

Swali: Shikamoo Shangazi. Nimepewa usimamizi wa zamu kiwanda cha korosho, Mtwara. Shoga yangu tuliyebangua naye meza moja anachelewa kila siku, mtoto anaumwa. Meneja anataka nimwandikie onyo. Wenzangu washaanza kuniita "bosi" kwa kejeli. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwite pembeni kabla hujashika kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua. Wengi hawaijui, na mameneja hawana haraka ya kuwakumbusha. Msaidie kuiomba. Zikiisha na bado anachelewa, mwambie usoni kwamba onyo linafuata, kisha liandike kweli. Utani wa mezani usiuache. Wakikuita bosi, itika tu: "Abee!"