Anayeanza Kuchora Aanzie Wapi? Majibu kwa Wasomaji

Hivi karibuni niliandika katika safu hii kwamba mtu mzima anayeweza kuandika jina lake likasomeka anaweza pia kujifunza kuchora. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba wengi hawakunisadiki. Nimechagua chache kati yake, nikazifupisha, na ninazijibu moja baada ya nyingine.

Shikamoo Mwalimu. Nina umri wa miaka 43, ni mhasibu, na sijachora chochote tangu nilipomaliza darasa la saba. Mwanangu ananicheka. Je, sijachelewa, na je, mtu asiye na kipaji ana haja gani ya kujisumbua? (Msomaji wa Morogoro)

Marahaba. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, alianza kupaka rangi jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, yaani akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu aliyekwisha kuhangaika na kazi nyingine za kutafuta riziki. Alitumia vipande vya ubao laini na rangi zile zile za kupakia baiskeli, naye alifariki mwaka 1972. Miaka hiyo michache ilitosha kulifanya jina lake kuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Sikuahidi kwamba utafika huko, ila suala la umri ninaomba tuliweke kando.

Kuhusu mkono, mtu anayepanga tarakimu ndani ya safu nyembamba za daftari la hesabu hana mkono mzito. Tatizo la anayeanza limo katika jicho, kwa kuwa huchora kile anachokijua kabla hajatazama kile kilicho mbele yake. Nilipokuwa kijana nilichora baiskeli ya marehemu baba kwa kukumbuka tu, baiskeli niliyokuwa nikiifuta vumbi kila Jumapili, na nikaufunga mnyororo kutoka kwenye pedali hadi gurudumu la mbele. Baba aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama baiskeli hiyo inakwenda. Nilikuwa nimeiona mara elfu, lakini sikuwa nimeitazama hata mara moja. Basi weka kitu kimoja mezani, kiatu au kufuli, ukichore kwa dakika kumi huku macho yako yakikaa zaidi kwenye kitu hicho kuliko kwenye karatasi.

Ninunue vifaa gani? Dukani nimeonyeshwa seti ya penseli ishirini na nne, na bei yake imenikatisha tamaa. (Msomaji wa Dodoma)

Iache hiyo seti dukani. Penseli tatu zinatosha kwa miezi kadhaa: HB, 2B na 6B. Herufi H huonyesha ugumu na herufi B weusi, na kadiri namba inavyopanda ndivyo sifa hiyo inavyozidi, kwa hiyo 6B ni laini na nyeusi sana ilhali 4H hukwaruza karatasi kwa mstari mwembamba wa kijivu. Tofauti hiyo hutokana na kiasi cha udongo wa mfinyanzi kinachochanganywa na madini ya grafaiti kabla ya kuchomwa, mbinu ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliisajili mwaka 1795, wakati ambapo vita vilikuwa vimeikatia nchi yake grafaiti safi ya Uingereza.

Karatasi za kawaida za fotokopi zinafaa kwa mazoezi, na rimu moja ya karatasi 500 itakuondolea woga wa kuharibu. Utakapotaka kukoleza vivuli, nunua karatasi ya manila, kwa sababu uso wake una ukwaru unaoishika penseli. Penseli yenyewe ichonge kwa wembe ukiwa mwangalifu, ili ncha iwe ndefu kuliko ile inayotolewa na kichongeo. Ufutio mmoja unatosha, tena usiuweke karibu.

Nimechora sufuria ya nyumbani mara sita, na kila mara inaonekana kama imebonyezwa au inaelea. Kosa langu liko wapi? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Mama, swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote, na kwa kuwa ulituma pia mchoro wenyewe, ninaweza kukujibu kwa uhakika. Mdomo wa sufuria umeuchora kama jicho la mtu, wenye ncha kali kushoto na kulia, na kitako umekichora kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Najua kwa nini. Akili yako inafahamu kwamba sufuria imekaa juu ya meza iliyo sawa, nayo ikauamuru mkono upige mstari ulio sawa.

Fanya jaribio hili. Ishike sufuria kwa mikono miwili na uiinue hadi ukingo wake ulingane kabisa na macho yako: mdomo utatoweka na utabaki mstari mmoja. Ishushe polepole, nawe utauona mdomo ukifunguka, kwanza mwembamba, kisha mnene zaidi, hadi utakapoiweka sakafuni katikati ya miguu yako na kuuona kama duara kamili. Kanuni ni kwamba kadiri duara linavyokuwa chini zaidi ya usawa wa macho, ndivyo linavyofunguka zaidi. Sasa, kitako kiko chini kuliko mdomo. Kwa hiyo upinde wa kitako unapaswa kujikunja zaidi kuliko upinde wa mbele wa mdomo, hata kama tofauti ni ndogo, na hapo ndipo sufuria yako itakapoacha kuelea.

Zile ncha kali nazo zifute. Mdomo wa sufuria hauna kona popote, kwa hiyo hata pale unapogeuka pembeni lazima ugeuke kwa mviringo, kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika wiki nzima. Tazama pia ule ukingo bapa uliokunjwa nje, ambao sufuria zetu zisizo na mikono huwa nao. Ukiuangalia ukiwa umekaa, utauona kuwa mpana kushoto na kulia, kisha ukipungua na kuwa kama uzi upande wa mbele na wa nyuma. Wengi huuchora kwa upana mmoja kuzunguka pande zote, na kosa hilo dogo peke yake huibonyeza sufuria nzima.

Jambo la mwisho ni kipimo. Nyoosha mkono hadi kiwiko kikaze, fumba jicho moja, shika penseli wima, na utumie ncha yake na kidole gumba kupima kimo cha sufuria. Kisha ilaze penseli bila kukisogeza kidole na uone kimo hicho kinaingia mara ngapi katika upana. Katika mchoro wako vipimo hivyo viwili vinalingana, wakati sufuria ya namna hiyo kwa kawaida ni pana kuliko kimo chake. Mkono usipokazwa kipimo hubadilika, kwa hiyo usiukunje.

Nikichora uso, macho yanapanda juu sana na paji la uso linapotea. (Msomaji wa Kigoma)

Macho ya mtu mzima yapo takriban nusu ya njia kati ya utosi na kidevu. Simama mbele ya kioo na upime kwa rula kama huniamini, ukikumbuka kuhesabu kuanzia juu ya fuvu. Tunakosea kwa sababu tunazungumza na macho na mdomo, na sehemu ya juu ya kichwa tunaiona kama mahali patupu pasipostahili nafasi. Anayemchora mwanamke aliyejitanda mtandio hukosea zaidi, maana husahau kwamba chini ya kitambaa kuna fuvu zima. Upana wa kichwa kinachotazama mbele ni kama macho matano yaliyopangwa kwa safu, na masikio huanzia karibu na usawa wa nyusi na kuishia karibu na chini ya pua. Kwa watoto macho hushuka chini ya nusu. Hayo ni makadirio ya kuanzia, na uso ulio mbele yako ukiyapinga, ufuate uso.

Je, ni vibaya kunakili picha kutoka kwenye simu kwa kuweka karatasi nyembamba juu ya kioo chake? (Mwanafunzi, Arusha)

Haidhuru kama burudani, lakini haitakufundisha mengi, kwa kuwa kazi ngumu ya kugeuza kina kuwa bapa kamera imekwisha kukufanyia, tena kwa jicho moja. Picha za kujipiga kwa karibu hukuza pua na kuyafanya masikio yarudi nyuma, nawe utayanakili makosa hayo kwa uaminifu mkubwa. Ukilazimika kutumia picha, igawe kwa viraba na uhamishe kiraba kimoja kimoja kwa kutazama, kama wachora mabango wanavyofanya wanapokuza picha ukutani.

Vivuli vyangu vinaonekana kama masizi. Nasugua kwa kidole ili vilainike. (Msomaji wa Dar es Salaam)

Ondoa kidole. Kina mafuta, na hukusawazishia kila kitu hadi picha ikose mahali peupe na mahali peusi. Koleza kwa mistari midogo ya karibu karibu, ukipishanisha pale unapotaka weusi uongezeke.

Naamini pia kwamba unachora saa sita mchana. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na jua lake la adhuhuri hukaa juu ya vichwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba husimama utosini kabisa, na kivuli cha kitu hujificha chini yake. Mwanga wa namna hiyo haumbi kitu. Chora saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, au kaa ndani kando ya dirisha moja na uzime taa.

Anza na yai, na sufuria inayong'aa iache kwanza. Yafinye macho ulitazame: utaona kwamba sehemu nyeusi kuliko zote juu ya yai haipo ukingoni. Iko ndani kidogo, kwa sababu ukingoni kabisa mwanga uliogonga meza hurudi na kuliangaza yai kutoka chini. Ukiutia ukingo huo weusi mtupu, yai litageuka kuwa shilingi.

Nimelelewa nikifundishwa kwamba kuchora viumbe wenye roho haifai. Nitaweza kujifunza bila kuchora watu na wanyama? (Msomaji wa Unguja)

Hukumu ya jambo hilo muulize shekhe wako. Kwa upande wa kuchora, jibu ni ndiyo, na wewe umezungukwa na darasa. Simama katika kichochoro cha Mji Mkongwe. Kingo za mabaraza, zilizo chini ya macho yako, zitaonekana zikipanda kadiri zinavyokwenda mbali, na kingo za mapaa zitaonekana zikishuka, na kama kichochoro kimenyooka zote zitaelekea nukta moja iliyo katika usawa wa macho yako. Chuchumaa, na nukta hiyo itachuchumaa pamoja nawe.

Kisha nenda kwenye milango ya kuchonga, yenye maua, majani na minyororo. Ua lenye petali sita halihitaji kubahatisha: piga duara kwa bikari, na bila kubadilisha upana wake, tembeza bikari juu ya duara hilo; itaingia mara sita kamili, na kila alama itakuwa kituo cha upinde unaofuata.

Nichore kwa muda gani kila siku, na nitajuaje kama ninasonga mbele? (Msomaji wa Nairobi)

Dakika ishirini kwa siku zinazidi saa nne za Jumamosi moja kwa mwezi. Mstari uliokosewa usiufute kwanza. Chora ulio sahihi kando yake, ili uone umekosea kwa kiasi gani. Kila ukurasa uandike tarehe na usichane hata mmoja. Utakapofika ukurasa wa thelathini, kichore tena kitu cha ukurasa wa kwanza bila kuufunua ule wa zamani, ndipo uziweke kurasa mbili sambamba. Kama kitu hicho kilikuwa kikombe au sufuria, tazama kwanza kitako.