Fundi wa Tovuti: Kitufe kimegoma, bei zimebaki za msimu uliopita

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Pangani, vyumba 6. Tovuti nimeitengeneza mwenyewe kwa programu ya bure, ile ya kuburuta vitu na kuvipanga, na sasa nimekwama. Nilitaka kitufe cha kijani cha WhatsApp, nikabandika msimbo nilioukuta mtandaoni. Kitufe kinaonekana, ila ukikibonyeza kisanduku kinakuwa cheupe basi. Bei nimeziandika kwenye kurasa 4, za Kiswahili na za Kiingereza, na kila msimu nikibadilisha nasahau mojawapo. Juzi mgeni kanionyesha bei ya zamani kwenye simu yake, ikabidi nimpe chumba kwa bei hiyohiyo. Tena nataka fomu itakayojua yenyewe chumba kipi kiko wazi. Kijana mmoja ananiambia niachane na programu hii nimlipe anijengee upya. Nifanyeje?
Mama wa vyumba sita, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa ya yule kijana iache kwanza kibindoni. Uliyoyataja yote yana njia, na hakuna hata moja linalotaka ubomoe ulichojenga.

Nianze na kitufe, maana hapo ndipo mgeni anapokupotea. Programu nyingi za aina hii hazikuruhusu kugusa msimbo wa ukurasa wenyewe. Ukibandika HTML yako, yaani msimbo wa kuandikia kurasa za wavuti, inawekwa ndani ya fremu, yaani ukurasa mdogo uliopachikwa ndani ya ukurasa wako, kama chumba cha uani chenye mlango wake. Yanayofanyika humo yanabaki humo. Ukibonyeza kitufe, kiungo kinajaribu kuifungua WhatsApp ndani ya kisanduku kilekile, na WhatsApp inakataa kufunguliwa ndani ya fremu ya mtu mwingine. Huo ndio weupe unaouona. Na ndiyo sababu msimbo wa kubadilisha rangi za vichwa vya habari, ambao watu huuliza kila mara, haufanyi kitu ukiubandika: unapaka rangi chumba cha uani, sebule haijui.

Dawa ni ndogo. Kwenye msimbo wako tafuta neno href. Baada yake kuna anwani iliyofungwa kwa alama za nukuu. Alama ya mwisho ikishafunga, acha nafasi moja kisha andika target="_blank". Hayo maneno yanaiamuru simu ifungue kiungo nje ya kisanduku, na mara nyingi yanatosha.

Lakini ungekuwa hapa mezani kwangu ningekufutia msimbo wote. Programu yako ina kitufe chake yenyewe. Kichukue hicho, ukipe kiungo hiki: https://wa.me/ na papo hapo namba yako kuanzia 255. Usiweke alama ya kujumlisha, usiweke ile sifuri ya mwanzo, usiache nafasi. Nimeshaona vitufe vingi vilivyokufa kwa sababu ya sifuri moja tu iliyobaki baada ya 255. Ukitaka mgeni akute ujumbe umeshaandikwa, ongeza ?text=Habari,%20naulizia%20chumba. Ile %20 inasimama mahali pa nafasi kati ya neno na neno. Kwenye ukurasa wa chumba cha ghorofani andika %20cha%20ghorofani, kwenye cha bustanini vilevile. Ujumbe ukiingia unajua tayari mtu alikuwa anatazama chumba gani, na hakuna aliyekulipisha kwa hilo. Kama rangi ya programu haikupendezi na moyo uko kwenye kijani, chora kitufe kama picha, kiweke ukurasani, halafu picha hiyo ipe kiungo kilekile. Usisahau kujaza maelezo ya picha, kwa ajili ya wasioona na kwa ajili ya siku intaneti inaposuasua picha isifunguke.

Bei. Hapa umeumia na nimekuhurumia, ila ulifanya vyema kumpa mgeni bei aliyoiona. Kosa ni kuandika kitu kimoja mahali panne. Fungua Google Sheets, programu ya majedwali ya Google, tengeneza jedwali la safu 3 tu: chumba, bei ya msimu wa wageni wengi, bei ya msimu wa kawaida. Safu zikizidi hapo, kwenye simu mtu ataburuta kushoto kulia mpaka achoke, kwa sababu kisanduku cha kupachika hakijitanui chenyewe kufuata kilichomo. Vichwa vya safu viandike kwa lugha zote mbili, kisha lichapishe jedwali kwenye wavuti na ulipachike kwenye kurasa zote 4. Kuanzia hapo unabadilisha tarakimu moja kwenye jedwali, na baada ya dakika chache kurasa zote zimefuata.

Nisikilize vizuri hapa. Unapochapisha, programu inakuuliza uchapishe faili zima au karatasi moja ya ndani. Chagua karatasi ya bei peke yake. Bora zaidi, faili la bei liwe mbali kabisa na faili lenye majina na simu za wageni. Kilichochapishwa kinaonekana na yeyote mwenye kiungo, na majina ya wageni wako ni amana.

Kuna watu hukwepa yote haya kwa kuandika bei ndani ya picha nzuri yenye maua. Tafadhali usifanye. Mtu hawezi kunakili, maandishi yanakuwa madogo kwenye simu, na kila msimu unachora upya.

Fomu inayojua chumba kipi kiko wazi: mwanangu, hiyo programu yako haiwezi, na kwa vyumba 6 sitaki uihangaikie. Daftari lako la mapokezi ndilo linalojua. Mgeni akishuka kivukoni kutoka Bweni saa kumi na mbili jioni akaomba chumba, utamwandika daftarini kwanza, na fomu haitakuwa na habari. Tengeneza fomu kwa Google Forms, programu ya fomu ya Google, yenye maswali 5: jina, simu, tarehe ya kufika, usiku ngapi, watu wangapi. Tarehe iwe ya kuchagua kwenye kalenda, isiwe ya kuandika, la sivyo utapata "wiki ijayo Ijumaa". Washa taarifa za barua pepe kwa kila jibu jipya. Juu kabisa andika: "Hili ni ombi. Chumba kimeshikwa baada ya sisi kukujibu." Sentensi hiyo usiifiche chini.

Lugha mbili umeshazigawa kurasa, sawa. Weka tu kiungo cha "English" na cha "Kiswahili" juu ya kila ukurasa, kila kimoja kiende kwenye ukurasa pacha wake, kisimrudishe mtu mwanzo.

Hukuniuliza kuhusu picha, lakini najua zitakuwa zimetoka kwenye simu moja kwa moja. Picha ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4,000 na huweza kufika MB 4. Ukiweka 12, hizo ni MB 48 za bando la mgeni kabla hajaona kitanda. Upana wa pikseli 1,200 unatosha, na kila moja ikishuka hadi KB 200 zote 12 hazifiki hata MB 3. Huna programu ya kupunguza? Jitumie mwenyewe kwa WhatsApp kama picha za kawaida, usizitume kama faili, halafu zihifadhi upya. Zitakuwa nyepesi mno.

Siku utakapotaka malipo ya mtandaoni na kalenda ya vyumba inayojiendesha, hapo ndipo umtafute fundi.

SWALI: Tovuti ya shule yetu iko kwenye programu ya bure yenye anwani ndefu. Je, siku wakiifunga?
Mwalimu, Lushoto

JIBU: Swali zuri sana, mwalimu. GeoCities, huduma ya bure ya kutengenezea tovuti, ilikuwa na kurasa za watu wengi mno duniani. Yahoo iliinunua mwaka 1999, na mwaka 2009 ikaifunga. Waliokuwa na nakala zao walihamia kwingine. Kwa hiyo nunua kikoa cha shule, yaani anwani ya tovuti iliyo yenu wenyewe, na kisajiliwe kwa jina la shule na barua pepe ya shule, kisiwe cha mwalimu wa kompyuta ambaye kesho atahamishwa. Hakikisha kwanza kwamba programu yenu inakubali kuunganishwa na kikoa cha nje bila malipo, kwani baadhi huruhusu na baadhi hudai ada. Mkihama, anwani mnaielekeza kwenye tovuti mpya na wazazi hawatajua kama mmehama.

Maandishi yote yaandikeni kwanza kwenye faili la kawaida, ndipo myabandike kwenye tovuti. Picha za asili zikae kwenye folda moja yenye majina yanayosomeka, mahafali-2023-01 kwa mfano. Programu nyingi za bure hazina kitufe cha kupakua tovuti nzima, na ukurasa mmoja mmoja wa kunakili kwa mkono ni kazi ya likizo nzima.