Uliza Ujibiwe: Damu inapopita kwenye valvu iliyobana

SWALI: Wataalamu, salaam. Nasoma uhandisi, kwa sasa niko likizo nyumbani Mwanga, Kigoma. Naigiza kwa OpenFOAM (programu ya kompyuta ya kukokotoa mitiririko) damu inayopita kwenye valvu ya aota iliyobana, yaani mlango wa damu inayotoka moyoni kwenda mwilini. Nimechora bomba la kipenyo cha milimita 24, linabanwa taratibu kama faneli hadi tundu la sentimita 1 ya mraba, kisha linapanuka ghafla na kuishia sentimita 3 mbele. Naingiza damu mililita 400 kwa sekunde. Kwa mtiririko usiobadilika nilipata tofauti ya shinikizo 7.6, ilhali hesabu ya madaktari inatoa 60 na kitu. Nilipoweka mapigo ya moyo, hesabu ikalipuka kabla pigo la kwanza halijaisha. Nimekosea wapi?

JIBU: Weka laptopu pembeni kwanza, chukua karatasi. Mililita 400 kwa sekunde kupitia sentimita 1 ya mraba ni kasi ya sentimita 400 kwa sekunde, yaani mita 4. Kwenye kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kasi hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kisha mara 4: unapata 64, milimita za zebaki. Hiyo 4 haikuokotwa. Nusu ya densiti ya damu (kilo 1060 kwa mita ya ujazo) ni 530; igawe kwa 133.3, ambazo ni paskali zilizomo katika milimita moja ya zebaki, inakuja 3.98. Ukiondoa mchango wa kasi ambayo damu yako ilikuwa nayo kabla ya kufika kwenye tundu, mita 0.88, inabaki 61.

Kumbe 7.6 yako ni sahihi! Vikokotozi vya OpenFOAM vya vimiminika visivyobanika hutoa shinikizo lililokwisha kugawanywa kwa densiti. Zidisha 7.6 kwa 1060, gawa kwa 133.3, utaona 60.4.

Hakikisha basi hukunaswa na mtego huohuo kwenye mnato. Vitabu huandika 0.0035 (paskali-sekunde), lakini programu inataka namba hiyo ikiwa imegawanywa kwa 1060, yaani 0.0000033. Anayeingiza 0.0035 kama ilivyo haigizi damu tena, anaigiza kitu kizito kama asali ya Tabora. Na ubaya wake ni kwamba picha hutoka nzuri mno: mkondo laini, hakuna mzunguko hata mmoja. Mkondo wa mita 4 kwa sekunde kwenye tundu lako una namba ya Reynolds (kipimo cha jinsi mkondo unavyoelekea kuvurugika) karibu 13,700, hivyo lazima uchafuke. Ukiuona umetulia, usiuamini.

Angalia pia unapimia wapi. Shinikizo la chini kabisa liko pale mkondo ulipobana zaidi, na hapo ndipo eko husoma kasi. Mbele zaidi, mkondo unapotanuka, sehemu ya shinikizo hurudi. Kwa bomba lako ni kama 22 kati ya zile 61, kwa hiyo atakayepimia mbali ataona kama 39 na kudhani programu imedanganya. Na ukibadilisha faneli kuwa tundu lenye kingo kali, mkondo huendelea kujibana hata baada ya kulivuka: ukifika sentimita 0.8 za mraba, kasi inakuwa mita 5 na tofauti ya shinikizo inaruka hadi karibu 100.

Mlipuko tunaushuku kwenye zile sentimita 3. Mizunguko inafika mdomo wa kutokea ikiwa bado ina nguvu, damu inataka kurudi ndani kupitia hapo, na programu haijaambiwa irudi kwa kasi gani, namba zinapaa. Refusha bomba hadi kipenyo mara 10, sentimita 24, ukipanua vijisehemu vya wavu (vipande ambavyo programu hugawia bomba ili kukokotoa) kadiri unavyokwenda mbele ili kompyuta isielemewe. Kwenye mdomo huo weka sharti la inletOutlet lenye kasi sifuri kwa kinachorudi.

Hatua ya muda nayo, yaani muda ambao programu inasogea kwa kila hesabu: kwa vijisehemu vya nusu milimita na kasi ya mita 5, usizidi sekunde 0.0001. Pigo la sekunde 0.8 ni hatua 8,000. Endesha mapigo matatu, tupa mawili ya mwanzo. Hifadhi matokeo kila sekunde 0.01 ya pigo, maana umeme ukikatika usiku utaendelea pale ulipoishia.

SWALI: Mama yetu, hapa Kanyenye, Tabora, amepimwa eko: valvu ya maitro (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) sentimita 1.1 za mraba. Kijana mwenye programu hizi anaweza kutuambia kama apasuliwe?

JIBU: Hapana, na mpeni mama pole. Maitro ya kawaida ina sentimita 4 hadi 6 za mraba, 1.5 kushuka chini huhesabiwa kubana sana. Uamuzi wa kupasua au kutanua kwa puto hutegemea dalili zake, ulaini wa vikope vya valvu, damu inayovuja kurudi nyuma, na kama kuna bonge la damu kwenye chumba cha juu kushoto. Programu haiwezi kuliona bonge hilo. Eko ya kupitia kooni inaliona. Mkirudi kliniki, ulizeni moyo ulikuwa unapiga mara ngapi kwa dakika tofauti ya shinikizo ilipopimwa. Valvu ileile, moyo ukitoka mapigo 70 hadi 110, nafasi ya damu kushuka hufupika na namba hiyo hupanda sana.