Kosa la ridhaa ni lipi?

SWALI: Nimesoma makala ya soka la Uingereza inayosifu "moyo wa Kikorintho". Hawa ni Wakorintho wa kwenye Biblia? Na kwa Kiswahili tusemeje?

JIBU: Mji ni huohuo. Karibu na Korintho ilifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, mshindi akivikwa taji la majani, na Paulo alipowaandikia wenyeji aliwatolea mfano wa wapiga mbio na taji liharibikalo. Ila hawakucheza bure: sheria ya Solon, mtunga sheria wa Athene ya kale, ilimpa Mwathene aliyeshinda Isthmia drakma 100. Sifa ya kutolipwa ilikuja Uingereza karne ya 19, Mkorintho alipokuwa kijana mwenye mali apendaye michezo na anasa. Mwaka 1882 ikaundwa London klabu ya Corinthian, ya wachezaji wa ridhaa.

Na hapo kwenye ridhaa ndipo penye donda langu. Juzi nimemsikia mtangazaji redioni: "Kipa kafanya kosa la ridhaa!" Mpira ulikuwa umempita katikati ya miguu. Alikusudia kosa la mtu asiyejua kazi, kwa kuwa neno la Kiingereza "amateur" hutumika kwa asiyelipwa na pia kwa asiyejua kazi. Jamani! Ridhaa, neno tulilolitoa Kiarabuni, ni kukubali kwa moyo. Bondia wa ridhaa hapigani kwa malipo, basi. Ngumi anaweza kuzijua kuliko wengi wanaolipwa. Sasa kosa la ridhaa litakuwa nini kama si kosa ambalo mtu ameridhia kulifanya? Yaani kipa kauza mechi! Kijana wa watu kateleza tu, lakini Kiswahili cha mtangazaji kimempeleka mbele ya kamati ya nidhamu. Na maneno yamejaa tele: kosa la kizembe, kosa la kitoto, kapigwa tobo.

Corinthian wenyewe wangeielewa vizuri tofauti hiyo ya kuteleza na kukusudia. Penalti ilipoingizwa kwenye sheria mwaka 1891, waliichukia kwa sababu ilidhania kwamba muungwana anaweza kumchezea mwenzake rafu kwa makusudi. Husimuliwa kwamba wakipigiwa penalti kipa wao alijisogeza kando, akaacha goli wazi. Kosa la ridhaa ndilo hilo walilokataa kuamini kwamba lipo.

Kwa hiyo, ukiizungumzia klabu, andika moyo wa Kikorintho. Kwingineko sema uungwana wa michezoni, kila mtu atakuelewa. Na kipa akipigwa tobo, kapigwa tobo.