Kilo zako kwanza, skrubu baadaye: maswali yenu kuhusu shokapu za pikipiki ya porini

Barua za safari hii zimejaa shokapu. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwingine. Walioniuliza "shokapu gani ni bora kuliko zote" wanisamehe: swali hilo halijibiki mpaka mtu aseme ana kilo ngapi na anapita wapi.

Fundi, nina kilo 95 na nimenunua pikipiki ya enduro iliyotumika. Nyuma inagota (inabonyea mpaka mwisho na kugonga) kila nikiruka tuta, na mbele ni nyepesi, usukani unatangatanga. Nimekaza springi ya nyuma mpaka nyuzi za nati zinakaribia kwisha lakini hali ni ile ile. Ninunue shokapu nyingine?

Usinunue shokapu. Hizo nyuzi zinazokaribia kwisha zimeshakujibu: springi uliyonayo iliwekwa kwa ajili ya mtu mwepesi kuliko wewe.

Watu wengi hudhani kukaza springi kunaifanya iwe ngumu. Hakuifanyi. Springi iliyoandikwa 45 inahitaji nguvu ya nyutoni 45 kuibonyeza kila milimita moja, na itahitaji hizo hizo hata ukiikaza mpaka nati igome. Unachobadilisha ni kimo ambacho pikipiki inakaa, basi.

Fanya hivi. Inua pikipiki hadi tairi la nyuma lining'inie. Weka alama ya penseli kwenye madigadi, juu kabisa ya ekseli ya nyuma, kisha pima kutoka ekseli hadi alama. Tuseme umepata milimita 600. Ishushe chini, ibonyeze mara mbili tatu ili itulie, upime tena ikiwa peke yake. Halafu ipande ukiwa umevaa kila kitu unachoendea nacho, buti, kofia, hata mfuko wa maji, mwenzako mmoja ashike usukani na mwingine apime. Tofauti na ile 600 ndiyo mbonyeo.

Kwa pikipiki kubwa ya porini yenye linki (vyuma vinavyounganisha shokapu ya nyuma na mkono wa gurudumu), ambayo gurudumu lake hupanda na kushuka kama milimita 300, mbonyeo ukiwa juu yake unatakiwa kuwa karibu na milimita 100 hadi 105, na ikiwa peke yake 30 hadi 40. Zisizo na linki zina vipimo vyao kwenye kitabu, na pikipiki ndogo hubonyea pungufu ya hapo.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo hata mafundi hukosea. Kaza springi mpaka upate 105 ukiwa umepanda, kisha shuka upime ikiwa peke yake. Ukikuta imebonyea milimita 15 tu, utadhani springi ni ngumu. Kumbe ni laini! Imebidi uikaze mno ili ikubebe, kwa hiyo ukishuka inaisukuma pikipiki juu karibu mpaka mwisho. Ukikuta 50, hapo ndipo springi ni ngumu kuliko uzito wako. Mbonyeo mdogo wa pikipiki peke yake una hasara nyingine pia: gurudumu halina nafasi ya kushuka kufuata shimo, kwa hiyo linaelea juu yake na wewe unapoteza mshiko.

Huo usukani unaotangatanga nao unaanzia nyuma. Nyuma ikikaa chini sana, uzito wote unarudi nyuma na shokapu za mbele zinalala. Tafuta springi ya nyuma inayolingana na kilo zako, na usisahau jozi ya mbele. Anayebadilisha ya nyuma peke yake hugeuza tatizo tu: mbele itaanza kupiga mbizi kila akigusa breki.

Shokapu ya mbele ya kushoto inavuja oili. Mwaka huu nimebadilisha sili (mpira unaozuia oili isitoke) mara mbili na imeanza tena. Sili za siku hizi ni mbovu?

Kabla ya kulaumu sili, itazame breki. Pikipiki nyingi za porini zina diski ya mbele upande huo huo wa kushoto. Oili ikifika kwenye pedi, breki ya mbele imekwisha, na pedi zilizolowa hazifai tena hata uzichome. Weka mpya na usafishe diski kwa dawa ya breki.

Tukirudi kwenye sili: nyingi zinazovuja bado ni nzima ila zimekula uchafu. Punje ya mchanga au tope kavu inapenya chini ya mdomo wa sili na kuuinua kidogo, na hapo oili inapata njia. Shusha kifuniko cha vumbi kwa bisibisi bapa taratibu usikwaruze bomba la chuma linaloingia na kutoka, chukua kipande chembamba cha plastiki (filamu ya kamera ya zamani hufanya kazi nzuri kupita zote), kipenyeze kati ya bomba na sili ukizunguka bomba lote, kisha kitoe na uchafu wake. Futa, bonyeza shokapu mara kumi, tazama. Mara nyingi inakauka na unaendelea na safari.

Lakini wewe umebadilisha mara mbili, kwa hiyo chanzo kiko kwingine. Pitisha ukucha kwenye bomba, juu hadi chini, pande zote. Palipochubuliwa na jiwe pana ncha inayokata mdomo wa sili kila inapopita. Ondoa hiyo ncha kwa msasa laini sana wenye maji, namba 1000 kwenda juu, na usugue kwa kuzunguka bomba. Ukisugua kwa urefu unaichimbia oili mifereji ya kutokea. Bomba likiwa safi, kagua bushi, zile pete zinazoliongoza bomba ndani: zikichakaa bomba linacheza ndani na hakuna sili inayovumilia hilo. Na siku ya kufunga, valisha kichwa cha bomba mfuko mwembamba wa plastiki uliopakwa oili kabla ya kupitisha sili. Sili nyingi mpya huchanika kwenye ukingo wa bomba siku ile ile zinapofungwa.

Jambo la mwisho ni ekseli. Ukifunga gurudumu la mbele, kaza ekseli kwanza, acha bolti za kubania upande wa pili zikiwa legevu, shusha pikipiki, bonyeza mbele mara kadhaa kwa nguvu ili miguu miwili ijipange, ndipo uzikaze. Bolti zikikazwa huku miguu imepinda, shokapu inasuguana upande mmoja, inakuwa nzito, na inakula sili.

Kwa nini mbele yangu ni laini asubuhi lakini mchana, hasa nikipanda milimani, inakuwa ngumu?

Hewa. Ndani ya shokapu hewa inapata joto na kutanuka, na ukipanda juu presha ya nje inapungua, kwa hiyo iliyofungiwa ndani inazidi kusukuma. Juu ya kila mguu kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Inua gurudumu la mbele hewani, fungua, utasikia "psss", funga. Fanya kila unapoanza siku. Kama zako ni shokapu za hewa zisizo na springi, usiziguse hivyo: hizo zina presha maalumu, na hupimwa kwa pampu yake zikiwa baridi.

Fundi shikamoo. Nimechezea skrubu zote za shokapu na sasa sijui nilianzia wapi. Kila nikizungusha naona inazidi kuwa mbaya. Nisaidie.

Marahaba, na usione haya, wote tumepita hapo. Zungusha kila skrubu kwa mwendo wa saa, taratibu, mpaka ikome. Ikikoma usiilazimishe, ncha yake ni nyembamba na inaharibika. Kuanzia hapo hesabu kliki (kila mguso wa "tik" unaousikia skrubu ikizunguka) ukirudi nyuma mpaka namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Andika. Huo ndio mwanzo wako mpya.

Skrubu moja huzuia kasi ya kubonyea, ambayo mafundi huiita kompresheni, na nyingine kasi ya kurudi, yaani ribaundi. Ya kurudi ndiyo inayowapotosha wengi. Ukiifunga sana, shokapu inarudi polepole: inabonyea kwenye tuta la kwanza, kabla haijainuka linakuja la pili, la tatu, na kufikia la tano imeshakaa chini kabisa na kila kitu kinagonga kama mbao. Mwenye pikipiki anasema "ni ngumu", anafungua kompresheni, na hali inazidi. Ukiifungua sana, nyuma inakurusha kama punda ukitoka kwenye mashimo ya kasi.

Badilisha skrubu moja tu kwa wakati, kliki mbili, kisha pita kipande kile kile cha njia kwa kasi ile ile. Na kabla ya hayo yote pima upepo wa matairi. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na kliki za mbele nikilaani kila kitu, kumbe tairi lilikuwa limejaa upepo mara mbili ya ninaoutumia porini.

Kuhusu shokapu ya nyuma yenye marekebisho mawili ya kompresheni, "kasi ya juu" na "kasi ya chini": hiyo ni kasi ya fimbo ya shokapu, si ya pikipiki. Unaweza kutambaa kilomita 15 kwa saa ukapiga mzizi mkali, na hiyo ikawa kasi ya juu kabisa.

Nimeambiwa oili ya shokapu ya nyuma ni ya maisha, haibadilishwi. Ni kweli?

Si kweli. Shokapu ya nyuma ina oili kidogo, inafanya kazi kubwa na inakaa jirani na joto la injini. Oili yake huchoka, hujaa unga wa chuma, na dalili yake ni hii: dakika kumi za kwanza iko sawa, kisha inaanza kurukaruka kama haina kitu ndani. Vitabu vingi vya pikipiki za mashindano hutaja saa 40 hadi 50 za kuendesha, na mbele kama saa 20 hadi 40. Anayetembea polepole anaweza kuvuta zaidi, lakini asipitishe miaka.

Ya mbele ukijifunza utaifanya mwenyewe, mradi upime kimo cha oili springi zikiwa zimetolewa na bomba limeshushwa mpaka mwisho. Usiamini "5W" ya kopo moja kuwa sawa na ya kopo jingine, kwani kila mtengenezaji ana yake. Linganisha namba ya sentistoksi (kipimo cha uzito wa oili inapotiririka) kwa nyuzi joto 40, utaikuta kwenye karatasi ya bidhaa.

Ya nyuma usiifungue. Ndani yake kuna naitrojeni yenye presha ya karibu bari 10, na asiye na vifaa vya kuitoa na kuirudisha anaweza kupoteza jicho. Kazi yako huko nyuma ni linki. Beringi zake za sindano huingia maji na kutu bila kelele yoyote. Inua pikipiki, shika gurudumu la nyuma, livute juu kidogo: ukisikia "tak" kabla shokapu haijaanza kubonyea, kuna mahali pameliwa. Fungua, safisha, jaza grisi isiyopenya maji. Na ile mashine ya kuoshea kwa presha usiielekeze pale, inasukuma maji mpaka ndani.

Baba yangu anacheka pikipiki yangu kwa kuwa na shokapu moja nyuma. Anasema zake mbili ndizo zilikuwa imara. Nani alianza na moja?

Mpe heshima zake mzee, kisha mwambie hivi: mhandisi wa Ubelgiji, Lucien Tilkens, ndiye aliyeiuzia Yamaha wazo hilo, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Uswidi alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250 akiwa na shokapu moja ndefu iliyolazwa chini ya tangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja linki za Kawasaki na Honda, ambazo huanza laini na kukaza kadiri gurudumu linavyopanda. Mbili za pembeni hazikuwafikia tena.

Nina pikipiki ya zamani, shokapu za mbele za kawaida. Ikifunga breki inazama, ikigonga jiwe inapiga mikono. Niweke oili nzito?

Oili nzito itaponya ya kwanza na kuzidisha ya pili. Ndani ya shokapu hizo kuna bomba lenye matundu tu, na oili ikilazimishwa kwenye tundu, ukinzani hukua kwa mraba wa kasi: kasi mara 2, ukinzani mara 4. Ndiyo maana polepole ni laini mno na kwenye jiwe inajifunga. Weka springi za uzito wako, kisha zile vali zinazokaa chini ya springi, juu ya bomba, zinazofunguka oili ikija kwa nguvu. Matundu ya bomba hutobolewa yawe makubwa ili vali ndiyo itawale. Kwa pikipiki ya zamani sijaona mabadiliko yanayolipa kuliko hayo.

Mimi ni mfupi, miguu haifiki chini. Nilegeze springi ishuke?

Hapana. Ukilegeza utagota kila mahali. Anza na kiti: punguza sponji. Isipotosha, fundi wa shokapu aweke spesa (kipande cha kupunguza urefu wa shokapu) ndani, mbele na nyuma sawasawa. Ukichagua linki ndefu badala yake, pandisha na miguu ya mbele kwenye klampu zinazoibana, na uhakikishe tairi haligusi madigadi shokapu ikibonyea mpaka mwisho. Stendi ya pembeni nayo ifupishwe, la sivyo pikipiki itasimama wima na upepo mdogo utailaza upande wa pili.