Dodoma–Mpanda kwa ndege: acha kupima kwa rula

Mkuu, usilipie hizo tiketi mbili za kampuni mbili, Dodoma–Dar halafu Dar–Mpanda. Funga simu kwanza.

Umeuliza kilomita, muda na kilo za mizigo. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 515, au maili za anga 278. Ukiona 320 hizo ni maili za kawaida, zile za nchi kavu, usichanganye. Kikokotoo kimekupa dakika 38 kwa kuwa kinadhani umepanda jeti ya kilomita 800 kwa saa. Ndege kubwa ya pangaboi inakata kama 600, ongeza dakika 20 za kuruka, kupanda na kutua: saa moja na dakika kumi. Kandege ka injini moja ka kilomita 300 kwa saa ni saa mbili.

Hesabu hiyo ina maana endapo ndege inatoka Dodoma na kutua Mpanda. Yako inapita Dar! Kilomita 390 kwenda mashariki, halafu kama 900 kurudi magharibi, na njiani unapita kusini kidogo ya Dodoma ile ile uliyoiaga asubuhi. Jumla karibu 1,290.

Sasa msiba wenyewe. Umeandika unatua Dar saa 4:10 asubuhi, kampuni nyingine inaruka 5:15, "nina saa nzima". Huna. Kaunta ikifungwa dakika 45 kabla ya kuruka, mwisho wako ni 4:30. Ndani ya dakika 20 ndege iegeshwe, ushuke, usubiri begi lako (tiketi mbili maana yake begi halivushwi, unalichukua na kulikabidhi upya), upite ukaguzi tena. Na kama ya pili ni ndege ndogo inayoondokea Terminal 1, ni jengo lingine kabisa, unatoka nje kutafuta bajaji.

Ya kwanza ikichelewa nusu saa, kampuni ya pili huidai kitu wala haikujui. Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Nauli imekwenda, na hapa ndipo wengi tunapigwa: ukikosa kwenda, mfumo kwa kawaida unafuta hata safari yako ya kurudi, ingawa ulishailipia. Unanunua upya kwa bei ya dakika za mwisho, na ya kufuata yaweza kuwa kesho kutwa. Piga gharama za gesti Dar juu yake. Ndiyo, yalinikuta, chekeni. Begi langu lenyewe lilifika Dar salama, ndege ya pili ndiyo iliyoniacha.

Wakala aliyeniambia "ni kuunganisha tu mzee, dakika tano" alikata kamisheni mbili kwa tiketi mbili. Dakika tano zake ndizo hizo.

Kwa hiyo: safari nzima iwe kwenye namba MOJA ya bukingi, zile herufi na tarakimu sita. Hapo ndege ya kwanza ikichelewa ni mzigo wao kukupangia nyingine. Haiwezekani? Basi fika Dar jana yake, hata kwa treni ya SGR, ulale.

Mzigo kwenye ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15, begi laini, sanduku gumu haliingii. Na usikubali ya jioni sana: kiwanja kisicho na taa, giza likikaribia rubani anageuza.

Bukingi zako ni namba moja au mbili? Angalia sasa hivi kabla wakala hajakupigia.